Tusiseme "Ni Uzee Tu"

Katika mitaa ya Eastlands, hapa Nairobi, ipo kauli inayofunga kila mjadala kuhusu afya ya wakongwe: "Ni uzee tu." Jirani yangu wa Jericho, aliyebeba magunia sokoni ujana wake wote, siku hizi hushika ukuta ili ainuke kitini. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Ni uzee tu, mwalimu." Mimi ambaye kazi yangu ni kuchunguza maneno naona kauli hiyo inapotosha.

Hali hiyo ina jina. Mnamo 1989 Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aliiita sakopenia, yaani kupungua kwa misuli uzeeni. Lakini chanzo chake ni nini? Tuzifananishe jeni na maneno ya kamusi. Mtu azeekapo kamusi haifutiki. Kinachobadilika hasa ni maneno gani yanatumika, na kwa kiasi gani. Miongoni mwa jeni zinazofifia ni zile za mitokondria, vinu vidogo vinavyoipa misuli nishati.

Je, neno lililoachwa laweza kurudi kinywani? Mwaka 2007 Simon Melov, Mark Tarnopolsky na wenzao walieleza jinsi wazee wenye afya walivyofanya mazoezi ya kuinua uzani mara 2 kwa juma, kwa miezi 6. Awali nguvu zao zilikuwa pungufu ya za vijana kwa asilimia 59. Baadaye pengo likawa asilimia 38. Aidha, utendaji wa jeni nyingi zilizobadilishwa na umri ulirejea kuelekea hali ya ujana.

Pengine msomaji atauliza: mbona jirani yangu alibeba magunia miaka yote? Jibu ni kwamba kazi ya jana hailindi misuli ya leo. Misuli, kama lugha, hudumu kwa kutumiwa.

Basi kumwambia mzee "pumzika" kila mara si heshima kamili. Ikiwa hana maradhi yanayomzuia, na ainuke kitini mara kadhaa kwa siku, apande ngazi taratibu, ale maharagwe, mayai au omena. Nao wanaopanga mitaa yetu wakumbuke kwamba uwanja si wa vijana wa kandanda pekee.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi haya wakawaeleze babu na nyanya zao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.