KOMPYUTA IKIWA NZITO, ASILAUMIWE KARANI



Malalamiko ya namna moja yatufikia mara kwa mara. Karani afika kazini saa mbili kamili, awasha kompyuta, kisha akaa akiitazama robo saa nzima kabla haijamfungulia barua moja. Jioni kazi haijakwisha, na mkubwa wake amwita mvivu. Wengine wamekwisha kupewa barua za onyo. Sisi twasema si haki kumpima mtu kwa mwendo wa mashine ambayo hakuichagua yeye.

Lakini anayedai haki hana budi kutimiza wajibu wake kwanza. Kompyuta nyingi za ofisini hutumia Windows, na ndani yake mna njia za kuirekebisha bila kutoa hata senti. Msidanganywe na programu za matangazo zinazoahidi mbio. Nyingi huongeza mzigo tu, na nyingine huleta virusi.

Kwanza, tumieni Restart. Wengi huchagua Shut down jioni wakidhani mashine imepumzika kabisa. Kumbe Windows 10 na 11 kwa kawaida huweka akiba sehemu ya kazi ya jana ili ziwake upesi, na matatizo ya jana huweza kurudi nayo. Restart huanza upya kabisa.

Pili, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtafute palipoandikwa Startup. Hapo mtaona programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Ile usiyoihitaji, chagua Disable. Haifutwi, itangoja mpaka uiite. Ile ya kukinga virusi msiiguse.

Tatu, fungueni Settings, kisha System, kisha Storage, mfute faili za muda zilizojaza nafasi. Someni kila mstari kabla ya kufuta, kwa maana folda ya Downloads nayo huwamo katika orodha hiyo, na pengine ndimo ulimoweka hati zako za mshahara.

Nne, punguzeni mapambo. Andikeni neno performance mahali pa kutafutia, mfungue mipango ya sura ya Windows, mchague Adjust for best performance. Vivuli na madirisha yanayoteleza vitaondoka. Hesabu ya mishahara haihitaji vivuli.

Ikiwa ofisi imefunga mipango hiyo kwa nywila, msiivunje. Mwombeni fundi kwa maandishi, na nakala mjiwekee.

Ukifanya hayo yote na mashine ingali inajikokota, basi kosa si lako. Pale pale ulipobonyeza funguo tatu pana sehemu iitwayo Performance. Ukiona kumbukumbu imejaa wakati wote, au diski inafanya kazi asilimia 100 bila kupumzika, hapo mashine yataka kuongezewa kumbukumbu au kubadilishwa diski ya zamani kwa diski ya SSD. Gharama hiyo ni ya tajiri, wala si ya karani.

Kwa hiyo andikeni: tarehe, dakika mlizongoja, mliyoyajaribu na mliyoyaona. Mpeni karatasi hiyo mjumbe wa chama hapo kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri amweleze mfanya kazi sababu, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kumwachisha kwa kusema kazi yake ni mbovu. Na mfanya kazi anayo haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama hapo, naye asikilizwe. Mwenye kwenda mikono mitupu atasema, "Kompyuta ni nzito," na hatasadikiwa. Mwenye karatasi ya siku kumi atasikilizwa.

Ndugu, mfanya kazi anayeijua mashine yake si rahisi kuonewa. Anayejua na amfundishe jirani yake kesho asubuhi.

Umoja ni nguvu.