Tela la Kubebea Land Cruiser: Hesabu Kwanza, Bei Baadaye



Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili imo moja ya mfanyakazi wa kiwanda hapa Dar es Salaam. Anaeleza kwamba yeye na ndugu zake wawili wameachiwa na marehemu baba yao gari aina ya Land Cruiser, lile la umbo la sanduku lenye bomba la hewa ubavuni, ambalo vijana wamelibandika jina la Mkonga. Gari hilo limelala Iringa mwaka wa pili sasa. Injini yake imekufa, na fundi wanayemwamini yuko hapa mjini. Wamechanga fedha ili wanunue tela, walilete gari, kisha tela lenyewe liwe mradi wa familia wa kubebea magari mabovu ya watu wengine.

Wameonyeshwa matela mawili. La kwanza limeundwa na wachomeleaji wa mtaani. Lina ekseli moja, halina breki, na bei yake ni nusu ya bei ya lile la pili. La pili ni kuukuu lililotoka ng'ambo. Lina ekseli mbili na breki zake. Mvutaji atakuwa pikapu ya kaka yao mkubwa. Ndugu yetu anauliza: je, lile la kwanza halitatosha, maadamu kwa sasa safari ni moja tu?

Jibu langu fupi ni kwamba halitatosha. Jibu refu nalitoa hapa chini, kwa kuwa najua barua hii imeandikwa na mtu mmoja kwa niaba ya wengi.

TUANZE NA MIZANI

Kosa la kwanza la mnunuzi wa tela ni kuuliza bei kabla ya kuuliza uzito. Land Cruiser ya namna hiyo, likiwa tupu, huwa na uzito wa takriban kilo 2,200. Ongeza bampa ya chuma, winchi, tairi la akiba na kichanja cha juu ya paa, navyo havikosi kilo 200. Hapo tumefika 2,400.

Sasa ongeza tela lenyewe. Hili husahauliwa sana. Tela la ekseli mbili la kubebea gari lina uzito wake wa kilo 600 hadi 900 kabla halijapakiwa kitu. Tuseme la kwenu ni 750. Jumla ni kilo 3,150.

Matela ya namna hii yanayoundwa Ulaya ili yavutwe na magari madogo yana kikomo cha kilo 3,500. Hicho ni kikomo cha jumla, yaani tela pamoja na mzigo wake. Mtu akisoma namba hiyo katika kibati kilichopigwa kwenye mkono wa tela akadhani anaruhusiwa kupakia gari la kilo 3,500, amekwisha kupotea. Kwa tela letu la kilo 750, mzigo halali ni kilo 2,750 na si zaidi.

Kwa hesabu hiyo bado mna nafasi ya kilo 350, na hapo ndipo hatari inapojificha. Nawajua ndugu zangu. Gari likishapanda juu ya tela pale Iringa, shangazi ataleta gunia mbili za mahindi ya watoto, na mjomba hatakubali kushindwa, ataleta mbili zake. Gunia nne za kilo mia mia ni kilo 400, na tayari mmevuka kikomo kwa kilo 50. Mpeni shangazi shukrani zake, na mahindi yapandishwe lori.

MATAIRI HAYADANGANYI

Baada ya kibati, chuchumaa utazame matairi. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, imeandikwa namba ndogo inayoonyesha uzito ambao tairi hilo linaweza kubeba. Namba 91 maana yake ni kilo 615. Namba 100 ni kilo 800. 104 ni kilo 900. 108 ni kilo 1,000. Tela la ekseli mbili lenye matairi manne ya namba 104 linamudu kilo 3,600, nalo kwa mzigo wetu linatosha.

Tazama sasa lile la ekseli moja. Matairi yake ni mawili, na aghalabu ni matairi ya gari dogo yaliyookotwa gereji. Yakiwa ya namba 91, yote mawili yanamudu kilo 1,230. Nanyi mnataka kuyatwika zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, kwa safari ya kilomita zipatazo 500, juu ya lami yenye joto. Mchomeleaji anaweza kuwa bingwa wa kazi yake, na chuma chake kikawa kinene kama reli, lakini tairi likipasuka chuma hakitaomba msamaha. Zaidi ya hayo, tela la ekseli moja likipasua tairi hulala upande mmoja papo hapo, ilhali lenye ekseli mbili hubaki na magurudumu matatu ya kulishikilia mpaka dereva atakapotia kando.

BREKI SI PAMBO

Huko Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Kikomo hicho kina maana. Gari linalovuta linapopunguza mwendo, tela halina habari. Lenyewe linaendelea mbele kwa nguvu zake zote, na kitu pekee kilicho mbele yake ni mgongo wa gari lenu. Hapana budi ikumbukwe pia kwamba nguvu hiyo haikui sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukaenda 80, mwendo umekuwa mara mbili, lakini nguvu ya kuizuia imekuwa mara nne.

Matela mengi kutoka Ulaya yana breki za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, tela husukuma mkono wake wa mbele, nao mkono huo huvuta fito na waya zinazobana breki za magurudumu. Mtambo huu ni rahisi, lakini kwa kuwa ni rahisi watu huutelekeza. Kabla ya kulipa, mwambieni fundi afungue magurudumu yote manne, atazame kama breki hazijaliwa na kutu, kama waya hazijakatika nyuzi, na kama beringi zina grisi. Ulizeni pia waya wa dharura, ule unaofungwa kwenye gari ili tela likichomoka lijifunge breki lenyewe. Kama haupo, uwekwe.

Kadhalika pimeni lile tufe la chuma lililo nyuma ya gari, ambalo kikombe cha tela hukaa juu yake. La Ulaya lina upana wa milimita 50. Lipo jingine la inchi moja na saba ya nane, yaani milimita 47 na nusu hivi. Kwa macho yanafanana kama mapacha. Lakini kikombe cha 50 kikiwekwa juu ya tufe dogo, kitakaa, kitafungwa, kitaonekana kizima, na siku ya shimo kubwa kitaruka. Fungeni pia minyororo miwili ya usalama, ikipishana chini ya mkono wa tela.

NILIYOYAONA KITONGA

Nitakiri jambo ambalo sijapata kuliandika katika safu hii. Miaka mingi iliyopita mimi na shemeji yangu tulileta Land Rover kutoka nyanda za juu kwa tela la kuazima lisilo na breki. Gari hilo magurudumu yake ya mbele yalikuwa yamekwama, basi tukaona wepesi kulivuta kinyumenyume. Likapanda tela likiwa limetazama nyuma. Tulijipongeza kwa akili zetu.

Hatukujua tulichokifanya. Uzito wa gari uko mbele, kwenye injini. Kwa kuligeuza, tuliupeleka uzito huo nyuma ya magurudumu ya tela, na mkono wa mbele wa tela ukawa mwepesi kiasi cha kutaka kunyanyuka. Katika tambarare hatukuona kitu. Tulipoanza kuteremka Kitonga, tela lilianza kutikisa mkia, kwanza taratibu, kisha kama samaki aliyenaswa. Shemeji akakanyaga breki. Tela likatusukuma, likazidi kuyumba. Upande mmoja ulikuwa bonde, upande mwingine ukuta wa mlima. Aliuchagua ukuta. Gari liliharibika, mkono wake ulivunjika, na mpaka leo haunyooki vizuri. Hatukuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe, kwani mwenye tela alituuliza kama tuna uhakika, nasi tukajibu kwamba tunao.

Kanuni tuliyoivunja ni hii: mkono wa tela unapaswa kulalia gari linalovuta kwa uzito wa asilimia 5 hadi 10 ya jumla yote, bila kuvuka kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Kwa hesabu yetu ya kilo 3,150, ni kilo 160 hadi 315 hivi. Hupimwi kwa kukisia. Tafuteni mizani ya kupimia gunia, wekeni gogo juu yake, mlalishe mkono wa tela juu ya gogo kwa kimo kile kile utakachokaa kwenye gari, kisha msome. Ukiwa mwepesi, Land Cruiser lisogezwe mbele; ukiwa mzito mno, lirudishwe nyuma. Kwa sababu hiyo kitanda cha tela kiwe kirefu kuliko gari, ili pawepo nafasi ya kusogeza. Nanyi mkiing'oa injini kabla ya safari, pimeni upya, maana mizani yote imebadilika.

NA MVUTAJI JE?

Ndugu yetu ameandika juu ya tela kurasa mbili, na juu ya pikapu mstari mmoja. Ningependa iwe kinyume. Kitabu cha gari huandika uzito wa aina mbili unaoweza kuvutwa: wa tela lenye breki na wa tela lisilo na breki. Mathalani, Land Cruiser pikapu za mfululizo wa 70 zinazouzwa Australia zimeandikiwa kilo 3,500 kwa tela lenye breki, na kilo 750 tu kwa lisilo nazo. Gari ni lile lile na injini ni ile ile, lakini tofauti ni kilo 2,750. Pikapu nyingi ndogo za miaka ya nyuma hazifiki popote karibu na 3,150. Kama ya kaka yenu ni mojawapo, basi hata tela zuri kuliko yote halitawafaa, kwani litamkokota kaka badala ya kukokotwa naye.

Kumbukeni taa pia. Pikapu hutumia umeme wa volti 12, malori mengi hutumia volti 24. Tela lenye balbu za 12 likifungwa nyuma ya lori, balbu zitaungua, na usiku wa Mikumi mtakuwa giza linalotembea. Tela lina namba zake za usajili na lazima liwe na karatasi zake. Ulizeni kampuni ya bima kwa maandishi kama mzigo wa juu umo katika bima.

SIKU YA SAFARI

Gari lililokufa injini lipandishwe kwa winchi, polepole, na mtu awe tayari na magogo ya kukinga magurudumu. Lifungwe kwa mikanda minne iliyopita kwenye ekseli, si kwenye bampa. Litiwe gia na hendibreki. Baada ya kilomita 20 simameni, kazeni mikanda upya, na mguse katikati ya kila gurudumu la tela kwa mgongo wa mkono. Lenye joto kuliko wenzake linaomba fundi. Kabla ya mteremko, tieni gia ndogo juu ya mlima, msingoje kuitafuta katikati, kwani breki za tela zikibanwa mfululizo hupata moto na kuchoka.

La mwisho ni la wazazi. Asipande mtu ndani ya gari lililobebwa, awe mtoto, awe kijana wa kulinda vifaa, awe mzee anayetaka kujinyoosha. Nimewaona watu wakifanya hivyo, nao wakilala usingizi.

Basi, ndugu yangu wa kiwandani, ushauri wangu ni huu. Ikiwa haja yenu ni safari moja, msinunue tela lolote. Kodini lori la kubebea magari lenye dereva anayeijua njia, na fedha inayosalia impeni fundi. Ikiwa kweli mnataka mradi, nunueni lile la ekseli mbili, baada ya kulikagua, na baada ya kuhakikisha mnalo gari la kulivuta. Lile la nusu bei liachieni matofali na maji, katika mitaa isiyo na milima.

Marehemu baba yenu amewaachia gari, na gari bovu lina dawa. Lifikeni nyumbani nyote watatu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tukutane Jumapili ijayo.