Ukitaka cha Mvunguni

Wako wasomi katika nchi yetu wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, ya hotuba na ya maamkizi, lakini kikipakiwa chuma hukwama. Wapewapo kitabu cha Kijerumani kihusucho magari ya kijeshi na ardhi isiyopitika, hufanya moja kati ya mambo mawili: ama huyachukua maneno ya Kijerumani yalivyo, wakayatia irabu mwishoni na kuyaita Kiswahili, ama huyatafsiri neno kwa neno hata maana ikapotea. Mimi nasema kosa si la Kiswahili. Kosa ni la mfasiri aliyekaa mezani asitake kuinama.

Sisi wa Dodoma tuna haki ya kulisemea jambo hili. Jina la mji wetu, kama wasimuliavyo wazee wa Kigogo, latokana na neno idodomya, yaani amezama, kwa ajili ya tembo aliyekuja kunywa maji akatitia matopeni asiweze kutoka. Basi kabla gari la kwanza halijafika hapa, nchi hii ilikwisha kupewa jina kwa ajili ya kitu kizito kilichoshindwa na ardhi. Watu wa namna hiyo waweza kukosa maneno ya kueleza kukwama?

Tuwatazame Wajerumani wenyewe. Walipoijenga Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, waliikuta ardhi ambayo lugha yao haikuizoea. Walifanya nini? Waliazima. Vitabu vyao vya wakati ule vimejaa maneno pori, boma, safari na askari, yameandikwa bila haya. Hata jenerali wao Lettow-Vorbeck, alipoandika habari za vita vya mwaka 1914 hadi 1918, alikiita kitabu chake cha mwaka 1920 Heia Safari. Kumbe mwenye mashine alihitaji maneno ya mwenye ardhi. Ajabu ni kwamba leo mwenye ardhi ndiye aambiwaye hana maneno.

Na asiyeyasikiliza maneno ya mwenye ardhi hulipa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Vifaru aina ya Sherman, vilivyobaki baada ya vita, viligeuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Lakini chuma kilichozoea vita hakikuuweza udongo ule, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji na kuzila ncha za majembe. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Aliyeijua mashine hakuujua udongo, na aliyeujua udongo hakuulizwa.

Sasa tuyapime maneno yenyewe. Panzer kwa Kijerumani ni deraya, lile vazi la chuma la askari wa kale. Kisha jina la vazi likapewa gari. Waingereza walipoliunda gari lao mwaka 1915 na 1916 waliliita tangi ili kuificha siri yake. Waswahili hawakufuata deraya wala tangi. Walitazama kitu chenyewe: kizito, chenye ngozi nene, kiendacho mbele bila kugeuka, wakakiita kifaru. Neno hilo halihitaji mtetezi. Lakini deraya nayo tusiitupe, maana si kila gari lililovikwa chuma ni kifaru. Kifaru hutembea juu ya minyororo. Gari la deraya lenye magurudumu hutitia mbugani upesi zaidi. Mlinzi wa mpakani akiripoti vifaru hali ameona magari ya deraya, mkubwa wake ataipima vibaya njia ya adui. Hapo uzembe wa mfasiri si kosa la sarufi tena, ni damu.

Lipo tena neno geländegängig, lenye maana ya gari liwezalo kwenda juu ya ardhi ya namna yoyote. Wengine hulipitisha kwanza katika Kiingereza, kisha hutuletea "gari la kuvuka nchi," kana kwamba linakwenda Burundi. Kwa nini lisiwe gari la porini, kwa neno lilelile ambalo Wajerumani waliliazima kwetu? Na Bodenfreiheit, ambalo kwa neno kwa neno ni "uhuru wa ardhi"! Uhuru wa ardhi tuliudai tukaupata mwaka 1961. Neno hili halina siasa. Ni ile nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi. Kila mtoto wa Kiswahili anajua nafasi ya namna hiyo iitwavyo chini ya kitanda: mvungu. Gari lenye mvungu mkubwa hupita juu ya jiwe. Lenye mvungu mdogo hulala juu yake.

Nisidhaniwe kuwa nafanya mzaha. Mvua moja nilifuatana na lori la Kijerumani lililopeleka mahindi ya njaa upande wa Bahi. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetafsiri maelezo ya lori lile, na neno Sperre likaandikwa "kizuizi cha difu." Dereva, kijana mwangalifu, alidhani ni namna ya breki, akakiacha. Tulipotitia, gurudumu moja lilizunguka bure matopeni na mwenzake lililokanyaga pagumu likatulia. Tulilala pale, na watu wenye njaa wakalala wakitungoja. Asubuhi alipita fundi mzee na baiskeli yake. Akainama, akachungulia, akasema, "Mwanangu, mbona hukufunga difu?" Kijana akaifunga, magurudumu yote mawili yakazunguka pamoja, na lori likapanda likatoka.

Kufunga difu! Neno lilikuwapo siku zote, katika kinywa cha mtu mwenye grisi mikononi, na hakuna aliyemwuliza. Baraza la Kiswahili la Taifa tunalo tangu mwaka 1967, na kazi yake naiheshimu. Lakini orodha ya maneno ya magari isipitishwe kabla mfasiri hajakaa gereji, kambini na shambani. Amwulize fundi jina la chombo, askari jina la hatari, na mkulima jina la udongo. Palipo na pengo la kweli, tuazime bila aibu, kama Wajerumani walivyotuazima sisi. Lakini tusiazime kilichomo nyumbani mwetu. Wahenga walikwisha kusema: ukitaka cha mvunguni sharti uiname.