Mke aliyepigwa akimbilie wapi?



Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila yaruhusu.

Lakini mke aliyepigwa usiku akimbilie wapi? Kwa wazazi mara nyingi hurudishwa, maana mahari imekwishaliwa. Polisi hupewa fomu ya PF3 akatibiwe, kisha hurudi kwa yule yule aliyempiga.

Nyumba salama humpokea yeye na watoto, humsindikiza hospitali na mahakamani, na humfundisha kazi ya kujitegemea. Nyumba hizi ni chache mno. Naziomba halmashauri zitenge walau moja kila wilaya. Sheria peke yake haimpi mtu pa kulala.

Mpenda Haki,
Mwanza.