Nani Alisema Farasi Mwenye Mimba Anakula kwa Wawili?

Jike akithibitika kuwa na mimba, wenye farasi wengi huanza kumwongezea nafaka siku hiyo hiyo. Anakula kwa ajili ya wawili, wanasema. Ni upendo, hilo halina ubishi, ila ni upendo unaomdhuru anayependwa.

Mimba ya farasi huchukua takriban siku 340, na zaidi ya nusu ya uzito wa kitoto huongezeka katika miezi mitatu ya mwisho. Mwongozo wa lishe uliotolewa mwaka 2007 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani uko wazi: jike wa kilo 500, mimba ikiwa changa, anahitaji megakalori 16.7 kwa siku, sawa kabisa na asiye na mimba. Mwezi wa 11 anahitaji 21.4. Nyongeza hiyo haifiki hata theluthi!

Wapo wanaoamini kwamba ndoo iliyojaa huleta kitoto kikubwa. Mwaka 1938, Walton na Hammond wa Cambridge walipandikiza mbegu za farasi wakubwa wa Shire kwa majike wadogo wa Shetland, na za Shetland kwa majike wa Shire. Vitoto vya mama Shire vilizaliwa na uzito wa karibu mara tatu ya vile vya mama Shetland, ingawa damu ilikuwa mchanganyiko ule ule. Umbo la mama ndilo lililoweka mpaka.

Basi nafaka ya ziada inakwenda wapi? Inakuwa mafuta mwilini mwa jike. Wanga mwingi kwa mkupuo humletea msokoto wa tumbo, au ugonjwa wa kwato unaomfanya ashindwe hata kusimama. Tena nafaka ina kalsiamu haba, wakati mahitaji ya jike ya kalsiamu hupanda kutoka gramu 20 hadi 36 kwa siku mimba inapokomaa. Shaba nayo ni haba katika maziwa ya farasi. Kwa hiyo kitoto hujiwekea akiba ya shaba kwenye ini kabla hakijazaliwa. Majani mazuri na madini yaliyopimwa ndivyo vya kununua kwanza.

Jike aliyekonda aongezewe chakula mapema, bila shaka. Mbavu zake zipapaswe kila mwezi.

Lakini mwezi wa kwanza wa kunyonyesha mahitaji yanaruka hadi megakalori 31.7. Hapo ndipo nafaka inapostahili kuongezwa, taratibu, na ndipo mfugaji aliyemaliza fedha zake wakati wa mimba anapobaki mikono mitupu.