Kwera Wamejaa? Kwera Gani?

Nikiposti picha ya kwera wa Taveta, lazima mtu wa Voi akomenti: "Hao si wamejaa, wasiwasi wa nini?" Sawa, huyo wetu mwenye kisogo cha kahawia hayuko hatarini, hata orodha ya IUCN inasema hivyo. Yuko Kenya, yuko Tanzania.

Lakini ndugu yake, kwera wa Clarke, yuko hatarini kutoweka. Dunia nzima anaishi Kilifi peke yake, Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Viota vyake vilionekana mara ya kwanza 2013, kwenye madimbwi ya mvua huko Dakatcha. Na huko huko miti inakatwa kuchoma makaa na kupanda mananasi!

Sasa wewe wa "wamejaa", umehesabu kwera gani? Na lile gunia la makaa kwenu, ulishawahi kuuliza limetoka wapi?