Shangazi Anaomba Maji

Tuseme shangazi yako ameletwa kutoka Kipsing, kule Isiolo ambako watu huchimba mchanga wa mto mkavu wapate maji. Amepasuliwa tumbo mjini, amezinduka, na neno lake la kwanza ni moja tu: maji. Nesi amesema asipewe. Wewe uliyeketi kando ya kitanda na chupa mkononi utafanyaje?

Kwa watu wanaompa maji hata mpita njia wasiyemjua, huo huonekana ukatili mtupu. Lakini katazo lina sababu. Dawa ya usingizi haiishi mara macho yanapofunguka. Koo bado limelegea, na funda moja laweza kuteleza likaingia mapafuni. Tena tumbo laweza kuyakataa maji, na kutapika ukiwa na mshono mpya ni mateso.

Kiu yenyewe haikuja bure. Alishinda bila kula wala kunywa, akapoteza damu, akapumua hewa kavu kwa mpira uliopitishwa kooni. Dawa kama atropini na mofini nazo hukausha mate. Ndiyo maana dripu hutiririka mshipani na bado ulimi umegandamana na kaakaa. Jamaa hulalamika kwamba dripu haifanyi kazi. Inafanya, ila haipiti mdomoni.

Basi anzia mdomoni. Mwombe nesi ruhusa, chovya pamba au kitambaa safi katika maji baridi, ukamue, umpanguse midomo, ulimi na ndani ya mashavu. Ubaridi ndio dawa: mdomo na koo vikiuhisi, ubongo hupunguza kiu hata kabla tumbo halijapata kitu. Akiwa macho kabisa, na nesi akikubali, asukutue na kutema, au anyonye kipande kidogo cha barafu. Midomo ipake mafuta akishaondolewa oksijeni. Zile pamba za ndimu na gliserini, walizozipenda wauguzi wa zamani, ziache. Hulainisha kidogo kisha hukausha zaidi.

Siku hizi hata kufunga kabla ya upasuaji kumepunguzwa. Miongozo ya kimataifa humruhusu mtu mzima asiye na matatizo ya tumbo kunywa maji au turungi mpaka zibaki saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Chai ya maziwa, ambayo kwa mfugaji ndiyo chai, huhesabiwa kuwa chakula: saa 6. Na mama aliyejifungua salama kwa upasuaji mara nyingi huruhusiwa kunywa baada ya saa chache, bila kungoja tumbo litoe hewa kama walivyongojeshwa mama zetu.

Lakini kuna kiu ambayo pamba haiitulizi. Mgonjwa akidai maji huku moyo ukimwenda mbio, ngozi imepoa na kulowa jasho, maneno yanamchanganyika au mkojo umekuwa haba, huenda anavuja damu ndani. Hapo weka chupa chini, ukamwite nesi mwenyewe. Usingoje apite.